Marahaba Iliyotangulia

Kila asubuhi, kabla hajavua glavu, Yusta Kilasi aliweka andazi lake juu ya seva ya tatu. Lilikuwa jambo la kukatazwa. Kaka Chaula, mkuu wa zamu, alikuwa amebandika ukutani karatasi yenye maneno SEVA SI JIKO, kisha yeye mwenyewe akawa anapasha kiazi chake juu ya seva ya nne. Baridi ya Njombe haikuwaachia njia nyingine. Nje ukungu ulikuwa umelalia misonobari, na mabati ya Nyumba ya Salamu yalikuwa meupe kwa barafu nyembamba ya alfajiri. Hata hewa ya moto iliyotoka nyuma ya mashine haikupotea bure. Ilipita kwenye bomba hadi chumba cha uani, ambako wanawake wa mtaani waliweka vifaranga vyao na kuanika uyoga.

Andazi likishapata moto, Yusta alimimina chai, akaketi mbele ya skrini na kutazama salamu zikishuka. Kule Mwezini, migodini, zamu ya usiku ilikuwa imetoka kazini. Mkondo walioachiwa wachimbaji ulikuwa mwembamba. Sauti haikuweza kupita, yalipita maneno tu. Yakifika Njombe, programu iliyavisha sauti ya mtoto wa nyumba yalikokwenda, sauti aliyoirekodi kabla ya safari, kisha ikayapeleka kwenye kiitikio, kile kisanduku cha mbao kilichokaa dirishani mwa kila nyumba yenye mtoto huko juu. Kisanduku kiliamkia. Mama au baba aliitikia. Kwenye skrini kila shikamoo ilikuwa nukta ya bluu, na marahaba yake ikirudi, nukta iligeuka kijani.

Yusta alipenda kuziona zikigeuka. Hakusoma kilichokuwa ndani yake. Kusoma kuliruhusiwa kwa ajili ya hitilafu tu, na hata siku za hitilafu aliona haya, kama mtu aliyejikuta chumbani mwa watu bila kubisha hodi.

Alikuwa ameuma andazi mara moja tu mlango ulipogongwa.

Hakuna aliyegonga mlango ule asubuhi. Wenye malalamiko walipiga simu. Yusta alifungua akiwa bado na tonge mdomoni, akamkuta mama wa makamo amevaa gambuti na sweta la kijani, mgongoni amebeba kitu kwa mbeleko. Yusta alidhani ni mjukuu.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndipo hapa mnapotengeneza hivi?"

Alifungua mbeleko taratibu. Ndani hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na kiitikio, kimezungushiwa khanga kwenye pembe zake zote.

"Kimenyamaza tangu Jumapili," alisema. "Nimekipangusa. Nimekianika juani, na jua letu mnalijua. Jirani akasema nikipige kidogo mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Nikakipiga. Hakikusema."

Yusta alicheka bila kutaka, akaona haya, akamvutia kiti. "Umetoka wapi, mama?"

"Ilevelo. Ukiuliza Mama Aneth utaonyeshwa."

"Na mtoto aliye juu ni Aneth?"

"Aneth alikuwa wa kwanza," mama alisema. "Alitangulia zamani. Aliye juu ni Odeni." Alipolitaja jina hilo aliangalia pembeni, akaanza kukunja mbeleko ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

*

Chuoni walifundishwa waanze na kilicho mkononi, wasikimbilie kilicho mbali. Kwa hiyo Yusta alianza na kisanduku. Betri ilikuwa nzima. Taa iliwaka. Alituma salamu ya majaribio kutoka kwenye meza yake, na kiitikio kikasema kwa sauti ya mashine, "Shikamoo. Hii ni salamu ya majaribio."

"Marahaba," alisema Mama Aneth.

"Hiyo ni majaribio tu, mama. Hakuna mtu."

"Nimesikia. Lakini imeamkia."

Kisanduku kilikuwa kizima, basi. Yusta alitazama mnara wa Ilevelo. Nyumba nyingine zote za kijiji kile zilikuwa zimeshageuka kijani, na baba mmoja alikuwa bado anazungumza. Alitazama foleni, mahali salamu zinaposubiri zamu yao kama watu kwenye bomba la maji. Hakuna salamu iliyokwama. Alipomaliza vya nje alibakiwa na vya ndani. Aliomba ruhusa kwanza.

"Mama, itanibidi nifungue kumbukumbu za Odeni. Nitaona alizotuma."

"Fungua tu," alisema mama, upesi kuliko Yusta alivyotegemea.

Akafungua. Ukurasa ulikuja mweupe. Alidhani umekosea kupakia, akaufungua tena. Mweupe. Hazikuwa salamu za tangu Jumapili tu ambazo hazikuwepo. Odeni hakuwahi kutuma salamu hata moja tangu alipopanda. Lakini upande wa pili, kwenye nyumba ya Mama Aneth, kulikuwa na marahaba ya kila asubuhi, miezi na miezi, hadi Jumamosi iliyopita.

Yusta aliinua macho. Mama Aneth alikuwa anamtazama kwa utulivu, mikono yake imeshika mbeleko.

"Mama, ngoja nikupeleke uani ukapate joto," Yusta alisema. "Kuna vifaranga."

Aliporudi, Kaka Chaula alikuwa ameshaingia, sweta jekundu, kiazi mkononi. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayeimba akifikiri.

"Andazi lako linaungua, mdogo wangu."

"Kaka, Jumapili ulifanya nini kwenye seva?"

Chaula aliacha kuimba. "Niliweka toleo jipya. Nikasafisha kumbukumbu ya haraka, nikawasha upya. Kuna nini?"

Yusta alimwonyesha ukurasa mweupe, kisha ule uliojaa. Chaula alivuta kiti, wakashuka pamoja kwenye kumbukumbu za wiki iliyopita, mstari kwa mstari, wakifuata salamu moja ya Ijumaa toka ilipogusa Njombe hadi ilipoingia kwenye kisanduku cha Mama Aneth. Haikutoka kwa Odeni. Ilitoka kwa mchimbaji aitwaye Gervas Tweve. Na Gervas, pale pa kuandika jina la anayesalimiwa, alikuwa ameandika: Mama Aneth, Ilevelo.

"Wako wawili," Yusta alisema.

"Walikuwa wawili." Chaula alionyesha kwa kidole. Mama yake Gervas alikuwa amefariki mwaka wa kwanza wa mtoto huko juu. Kiitikio chake kilirudishwa na shemeji. Gervas aliarifiwa, hakuweza kushuka kuzika. "Sasa naona. Unamjua yule mama wa chai pale stendi? Ukifika mara ya tatu hakuulizi, anakumiminia ya maziwa. Seva nayo niliifundisha hivyo, isiende kwenye ghala la majina kila asubuhi kuuliza Mama fulani ni nani. Ikumbuke kwa jina na kijiji."

"Na akija mwingine mwenye jina lile lile?"

"Anamiminiwa ya maziwa." Alijishika kichwa. "Lakini nani anaandika jina la mama yake, Yusta? Wote wameandika Mama fulani. Mimi mwenyewe jina la mama yangu nililijua siku ya kuandikishwa shule, na nikaogopa kulitamka."

Ndivyo ilivyokuwa. Kisanduku cha mama mmoja kilipoondolewa, jina lilibaki kwenye kumbukumbu ya haraka, na seva ikaanza kupeleka salamu za Gervas kwa Mama Aneth aliyebaki. Ilipofika kwenye nyumba yake ikatafuta sauti ya mtoto wa nyumba hiyo, ikamkuta Odeni peke yake. Maneno ya mtu mmoja yakavaa sauti ya mwingine. Jumapili Chaula alipofagia kumbukumbu, seva ilikwenda ghalani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ikakuta kwamba mama anayetafutwa hayupo, ikanyamaza. Hitilafu ilijirekebisha yenyewe bila mtu kujua kwamba ilikuwepo.

Yusta alisoma mistari michache, ile ya mwisho mwisho tu, kuhakikisha. 

*Shikamoo mama. Leo tumepewa maharage ya kopo. Hayana chumvi.*

*Marahaba mwanangu. Ya kopo yanataka kitunguu. Hamna kitunguu huko?*

*Hakuna mama. Nimeota harufu yake.*

Na zile za tangu Jumapili, ambazo seva ilikuwa imezitia rangi nyekundu na kuziweka kando, mpokeaji hayupo:

*Shikamoo mama.*

*Shikamoo mama. Au nimesema neno baya?*

*Mama?*

Yusta alifunga ukurasa. Chai yake ilikuwa imepoa, na hakuweza kuinywa.

"Naweza kurudisha toleo la Jumamosi," Chaula alisema kwa sauti ya chini. "Kazi ndogo. Mama yule anasikia sauti ya mwanawe asubuhi, na kijana huyu anapata marahaba yake. Niambie, nani ameumia?"

"Anadhani ni Odeni."

"Ndiyo maana nasema turudishe. Ukienda pale uani ukamwambia mwanao hajawahi kukuamkia hata siku moja, utakuwa umemfanya afiwe na mtu ambaye hajafa. Unaweza wewe kufanya hivyo?"

Maneno ya Yusta yalikuwa na tabia ya kuja watu wakishaondoka. Mara nyingi aliyasema peke yake njiani, akipita kwenye misonobari. Alichokijua ni kwamba hitilafu zote alizowahi kurekebisha zilikuwa zinamtesa mtu mahali fulani. Hii ilikuwa ya kwanza kukutana nayo ambayo ilikuwa inabembeleza watu. Akiirudisha, mama atarudi Ilevelo na kisanduku mgongoni, na kesho atacheka dirishani na mtoto asiye wake akidhani ni wake. Na Odeni akishuka siku moja? Atakuta mama anamkumbusha maharage ambayo hajawahi kuyala. Asipoirudisha, leo hii watu wawili watafiwa tena.

"Ngoja nimpelekee chai," alisema.

*

Chumba cha uani kilikuwa na harufu ya uyoga na manyoya. Mama Aneth alikuwa amevua gambuti moja na kunyoosha miguu karibu na bomba. Kifaranga kimoja kilikuwa kimempandia kwenye sketi, naye alikuwa amekiachia.

Yusta alimpa kikombe kwa mikono miwili, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alifikiri jinsi ya kuanza. Alifikiri sana, hata mama akamtangulia.

"Mwanangu, niambie tu. Yule mtoto amepatwa na nini?"

"Odeni hajambo, mama. Jina lake lipo kwenye orodha ya zamu, ametoka kazini salama."

"Namshukuru Mungu. Lakini mimi nakuuliza huyo mwingine."

Yusta alishindwa hata kujifanya hajaelewa.

"Siku ya kwanza kabisa," Mama Aneth alisema, akipuliza chai, "kisanduku kilikuwa kimekaa kimya muda mrefu, nimekigeuza kuwa pahala pa kuwekea miwani. Asubuhi moja kikasema, kwa sauti ya Odeni kabisa, *Shikamoo mama. Najua hupo. Nimezoea tu.* Nikasimama na ufagio. Nikasema moyoni, Odeni anajua nipo. Huyu ni mtoto wa mtu amefiwa."

"Ukamjibu?"

"Ameniamkia, sasa nimwache hewani? Hata mwizi akikuamkia njiani unaitikia kwanza, ndipo unapiga kelele. Nikasema, marahaba mwanangu, nipo." Alikunywa. "Kesho yake akarudi. Hakuniuliza wewe ni nani, nami sikumwuliza. Tukawa tunazungumza maharage."

Kifaranga kililia, akakihamishia kwenye kiganja.

"Sasa tangu Jumapili amenyamaza. Nikajisemea labda kaanguka huko shimoni, na hana mtu wa kuulizia. Ndiyo nikakibeba. Ningekwenda kwa nani mwingine, hata jina lake silijui."

"Anaitwa Gervas," Yusta alisema, na alishangaa kuona macho yake mwenyewe yamejaa machozi. "Hajaanguka. Anakuamkia kila siku, mama. Sisi ndio tulikata njia bila kujua. Anauliza kama amesema neno baya."

"Maskini. Neno baya lipi, mtoto mwenye adabu vile." Mama Aneth aliweka kikombe chini. Kisha akasema, kama mtu anayeongea na kifaranga, "Na Odeni kumbukumbu zake ni tupu."

"Ndiyo, mama."

"Nilijua. Siku anaondoka nilimsimamia mlangoni. Nikamwambia, ukipanda hicho chombo, usiniamkie tena." Alitabasamu kwa uchungu. "Odeni ni mtiifu, tangu akiwa hivi. Ukimwambia usiguse sufuria, haigusi hata ikiwa inaungua. Basi ikawa nasikia sauti yake kwa maneno ya mwingine, nikawa nakula vyote viwili. Maneno ya huyu yananishibisha, na sauti ya yule nailalia. Nikajiuliza kama ni wizi. Sijapata jibu mpaka leo."

"Kwa nini hukumtumia wewe neno?"

"Kwa kisanduku hiki?" Alikigonga kwa ukucha. "Hiki hakinifungulii mdomo mpaka niamkiwe."

Yusta alilijua hilo. Kila mtu pale alilijua na hakuna aliyewahi kuliona. Nyumba ya Salamu ilipojengwa, baraza la wazee lilikaa na wahandisi na kutoa sharti moja tu: mdogo ndiye anayeanza. Wahandisi walikubali kwa furaha, maana seva zao nazo zilikuwa na tabia ile ile. Seva haimtafuti mtu. Inakaa, inangoja kuombwa, ikiombwa inajibu. Mila na mashine zilikuwa zimekubaliana vizuri hata ikasahaulika kwamba mama anaweza kuwa na la kusema kabla ya kuulizwa.

Chaula alikuwa amesimama mlangoni. Haikujulikana amesimama toka lini. Kiazi chake kilikuwa kizima bado mkononi.

"Kamwene, mama," alimsalimu kwa Kibena.

"Kamwene. Wewe ndiye mkubwa wa hapa? Mbona umekonda kwa uso tu?"

Chaula alicheka, lakini kidogo. Yusta alisimama juu ya miguu iliyokufa ganzi. Safari hii maneno yalikuja wakati watu bado wapo, na alijua asipoyasema sasa atakwenda kuyasema tena kwenye misonobari.

"Kaka, tusirudishe toleo la Jumamosi. Turekebishe ufunguo, kila mama ajulikane kwa namba ya kisanduku chake. Gervas aambiwe ni nani anayemwitikia. Na Mama aruhusiwe kuanza."

"La kwanza na la pili sawa," Chaula alisema. "La tatu hapana. Si kwamba sitaki. Wazee walisaini, na si kwa ajili ya heshima tu. Yusta, kuna waliopanda kule ili wasisikie. Kuna binti ninayemjua mimi, baba yake akipata njia ya kuanza, hatapata usingizi hata huko Mwezini. Ukimya nao ni mali ya mtu."

Ilikuwa kweli, na Yusta aliona kuwa ni kweli. Alimtazama Mama Aneth, akitegemea abishe. Mama hakubisha.

"Ana haki," alisema. "Mkubwa hatangulii. Nami sitaki kutangulia." Alikuwa anavaa gambuti yake. "Lakini kuitikia naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa, mama, ila mpaka..."

"Odeni ameniamkia kila asubuhi tangu aondoke. Mimi ndiye niliyemzuia kutoa sauti. Mtoto aliyekatazwa kuamkia, akatii, hiyo ndiyo shikamoo yake. Mimi tu ndiye sijaitikia."

Chaula alitazama kiazi chake kana kwamba kilikuwa na jibu.

"Iende kama arifa moja," Yusta alisema polepole, akifikiri huku akisema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. "Isimsomee. Imwambie tu, mama yako ameitikia. Akitaka afungue, asipotaka aiache. Asipofungua, hatutatuma ya pili. Na ifanyike kwa Mama leo tu. Ya wengine wazee wakae wayajadili."

"Jibu lisilo na ombi," Chaula alisema. "Seva itakataa."

"Itakataa ikiulizwa mlangoni. Nikiiweka mimi mwenyewe kwenye foleni, haitauliza."

"Na baraza likiuliza nani aliweka?"

"Niseme ni mimi."

Chaula aliuma kiazi, mara ya kwanza asubuhi ile. "Tutasema ni sisi," alisema na mdomo umejaa.

*

Walianza na Gervas, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anangoja. Chaula alibadilisha ufunguo, mikono yake minene ikienda mbio, akiimba. Yusta alifungua ukurasa wa nyumba ya Mama Aneth. Mahali palipoandikwa mtoto wa nyumba palikuwa na jina moja.

"Namwandika hapa kama mtoto wa pili, mama?"

"Wa tatu," alisema Mama Aneth.

Yusta aliandika wa tatu. Kisha, kwa maneno ambayo mama alimtajia na mengine aliyoyafuta mara nyingi, alimwandikia Gervas kwamba anayemwitikia ni Mama Aneth mwingine wa Ilevelo. Kwamba hakukosea neno lolote. Kwamba salamu zake zilizosomwa zilisomwa kwa ajili ya kutafuta njia, na wanaomba radhi. Na kwamba mama huyu anauliza kama angependa kuendelea, kwa sauti yake mwenyewe.

Mkondo ulikuwa bado wazi. Walingoja. Mama Aneth alikiweka kisanduku mapajani na kukizungushia mkono. Chaula hakuimba.

Nukta ya bluu ilitokea. Kisanduku kilikwaruza, kama kinachosafisha koo, na sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia katika nyumba ile ikatoka. Ilikuwa nyembamba, yenye kigugumizi kidogo mwanzoni.

"Shikamoo mama. Nilijua wewe ni mwingine. Niliogopa kuuliza usije ukaondoka."

Mama Aneth aliinamisha kichwa karibu na mbao. "Marahaba, Gervas," alisema. "Siondoki. Kumbe una sauti nyembamba hivi. Unakula kweli wewe?"

Nukta ikageuka kijani. Chaula alijifanya anatafuta kitu chini ya meza, na alikitafuta kwa muda mrefu.

Ikabaki ile nyingine. Yusta aliandaa njia kwenye foleni, akahakikisha jina, namba, kisha namba tena. Aligeuza kinasa sauti kumwelekea mama. Alikuwa ameinuka ili ampishe, maana si jambo la kusikilizwa na watu, lakini Mama Aneth alimshika ukingo wa sweta.

"Kaa. Nikiwa peke yangu nitasema la maharage."

Yusta akakaa. Kwenye skrini, mahali pa Odeni, pale palipokuwa peupe, nukta ya kijani ilijitokeza bila ya bluu kuitangulia. Hakuwahi kuona hivyo. Ilikuwa ndogo, na ilikaa pale peke yake ikingoja.

"Marahaba, Odeni," alisema Mama Aneth.

Uani kifaranga kimoja kiliita na vingine vikakijibu. Mkono wake ulikuwa bado umeshika sweta la Yusta, na Yusta aliusikia ukikaza.

"Siku ile pale mlangoni," alisema, "niliposema usiniamkie tena. Nilitaka kusema usiende."